Je, Ghali Husikika? Visikizi vya Anasa na Sauti za Mji wa Kale

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imesomeshwa madarasani kwa miaka mingi kama kwamba haina mjadala. Hata hivyo, zama zetu zimeleta vitu ambavyo ni vizuri na bado vinajitembeza: vinapambwa, vinapigiwa mbiu, vinatiwa katika masanduku yaliyotandikwa mahameli, kisha vinauzwa kwa bei inayomfanya msikiaji aulize mara ya pili endapo amesikia sawasawa. Miongoni mwa vitu hivyo ni visikizi vya kichwani. Makala haya yanakusudia kuchunguza iwapo visikizi vya bei ya juu kabisa vinastahili bei yake, na kufanya hivyo si kwa macho ya mfanyabiashara, bali kwa sikio la mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi katika kisiwa cha Mombasa na ambaye kazi yake, atake asitake, ni kusikiliza.

Nianze na jina. Vijana wa Kibokoni na Bondeni husema hedifoni, na wale wadogo wanaotiwa ndani ya tundu la sikio huwaita iyafoni. Katika maandishi utakutana na vipokea sauti, spika za masikioni na visikilizi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetuachia neno runinga, aliamini kuwa kila kifaa kigeni kina nasaba yake katika Kiswahili, mradi mtu awe na subira ya kuitafuta. Nami kwa kumuiga nimechagua kisikizi, kutokana na kitenzi sikia. Atakayeona neno hili halifai na alete lake.

Swali lenyewe sikulipata vitabuni. Nilikuwa nimepewa kazi ya kurekodi masimulizi ya wazee na kuyanukuu neno kwa neno. Nikaenda kwa nyanya yangu, katika nyumba iliyo kwenye kichochoro kinachoteremka kuelekea Bandari ya Kale, nikaweka simu yangu juu ya mkeka, nikamwacha asimulie utoto wake. Mwanzo wa masimulizi alisema: "Kila alfajiri nali nikitumwa kwa jirani kuomba kaa." Sentensi ni fupi na haina neno gumu. Nilipokaa usiku kuinukuu nikakwama. Je, mtoto huyu alikuwa akitumwa kuomba kaa la moto la kuwashia jiko, au alikuwa akitumwa kuomba kaa yule wa pwani mwenye magando? Jirani, kama nilivyojua, alikuwa mvuvi.

Msomaji aliyezoea Kiswahili Sanifu pekee atashangaa kwamba kuna tatizo, kwa sababu kwake maneno haya mawili ni mamoja kwa matamshi na yanatofautiana kwa ngeli tu. Katika Kimvita sivyo. Kaa wa pwani, aliye katika ngeli ya zamani ya N, hutamkwa kwa k yenye mpumuo: pumzi hutoka kwa kishindo kidogo baada ya kipasuo kabla ya irabu kuanza. Kaa la moto, ambalo wingi wake ni makaa, halina pumzi hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa paa wa mwituni na paa la nyumba, na kwa chungu wadogo watambaao na chungu cha kupikia. Tena Kimvita hutenganisha t ya meno na t ya ufizi. Mzaliwa wa Mji wa Kale hazichanganyi sauti hizi hata akiwa usingizini, ijapokuwa ukimwuliza tofauti ni nini huenda akacheka tu.

Tofauti hizo hazimo katika maandishi yetu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na tahajia iliyokuja baadaye haikuacha nafasi ya mpumuo wala ya t mbili. W. E. Taylor, mmishonari aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kusaidiwa na Mwalimu Sikujua kukusanya tungo za kale, alizionyesha kwa alama katika maandishi yake, lakini desturi yake haikushika. Kwa hiyo anayetaka kujua namna Wamvita walivyotamka hana budi kuwasikiliza wenyewe, au kusikiliza sauti zao zilizorekodiwa. Ndiyo maana suala la kisikizi kwangu halikuwa suala la starehe.

Wakati huo binamu yangu alikuwa amerudi likizo kutoka Dubai, na shingoni alivaa visikizi ambavyo, kwa maneno yake mwenyewe, vilimgharimu zaidi ya laki moja za Kenya. Nilimwomba aniazime kwa usiku mmoja. Akanipa pamoja na wasia mrefu, kama anayempa mtu mtoto wa kulea.

Kabla sijaeleza nilichosikia, inafaa tueleze kisikizi kinafanyaje kazi, kwani bei nyingi hujificha nyuma ya ufundi usioelezwa. Ndani ya kisikizi cha kawaida mna kiwambo chembamba kilichoshikamana na koili ya waya, na koili hiyo imewekwa karibu na sumaku. Umeme unaobeba sauti hupita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa na sumaku, kiwambo hutikisika, na hewa iliyo kati ya kiwambo na sikio hutikisika nacho. Ni ngoma ndogo inayopigwa na umeme badala ya mkono. Visikizi vingine, ambavyo ni ghali zaidi, havina koili kabisa. Kiwambo chake ni utando mwembamba mno ulioning'inizwa kati ya bamba mbili zenye umeme wa nguvu kubwa, nao huvutwa huku na huku na umeme huo. Kwa kuwa utando huo ni mwepesi sana, hutii upesi na husita upesi.

Katika kundi hilo la pili ndimo ilimo mifano maarufu ya anasa. Mwaka 1991 kampuni ya Ujerumani, Sennheiser, ilitoa seti iliyoitwa Orpheus, na ikatengeneza takriban seti 300 tu. Baadaye, mwaka 2015, ikatangaza mrithi wake, HE 1, kwa bei ya karibu yuro 50,000. Ukiligeuza hilo kuwa shilingi za Kenya, kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, unapata zaidi ya milioni 7. Kikuza sauti chake kimekaa ndani ya marumaru ya Carrara kutoka Italia na kina vali nane za kioo, ambazo huchomoza zenyewe kifaa kinapowashwa. Kiwambo chake kimepakwa platini. Watengenezaji wanasema kinaweza kutoa sauti kuanzia hezi 8 hadi zaidi ya hezi 100,000.

Hapo ndipo mwanafunzi wa fonetiki anapopaswa kuinua mkono. Sikio la binadamu, likiwa changa na zima, husikia kati ya hezi 20 na hezi 20,000 takriban. Zaidi ya hapo ni milki ya popo. Isitoshe, kiwango cha juu hupungua kadiri miaka inavyosonga, hata wengi waliofikia umri wa miaka 60 hawasikii vyema sauti zilizo juu ya hezi 12,000. Basi kuna kinaya hapa: aghalabu mwenye uwezo wa kununua kifaa cha milioni 7 ni yule ambaye sikio lake limekwisha kuaga sehemu ya sauti aliyoinunua. Mjukuu wake asiye na senti ndiye angeisikia yote.

Sasa turudi kwenye kichochoro. Nilivaa visikizi vya binamu yangu, nikacheza sentensi ya nyanya mara kumi, ishirini, arubaini. Ni kweli kwamba nilisikia mambo ambayo iyafoni zangu za mtaani hazikuwa zimenisikilizisha. Nilisikia mkufu wake ukigonga kifungo cha gauni. Nilisikia kunguru juu ya paa, na muuza kahawa akipitia mlangoni huku akigonganisha vikombe vyake. Nilisikia hata tuktuk mbili zikizozana kwa honi upande wa Ndia Kuu. Lakini k ile, ya kaa, ilibaki kitendawili vile vile. Kila nilipoamua kuwa ina pumzi, nilisikia pumzi. Na kila nilipoamua kuwa haina, haikuwepo.

Sababu yake si siri. Mpumuo ni kelele hafifu ya hewa inayodumu sehemu ndogo tu ya sekunde, na haina sauti ya nyuzi za koo ndani yake. Simu ya mkononi imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na programu yake ya kupunguza kelele hufanya kazi kwa kutafuta yale yanayofanana na upepo na kuyafifisha. Kwa programu hiyo, pumzi ya nyanya yangu na upepo wa kusi havina tofauti kubwa. Kisha faili ikabanwa ili ichukue nafasi ndogo, na katika kubanwa huko hutupwa kwanza zile sauti hafifu ambazo mtambo unakisia kuwa msikilizaji hatazikosa. Nami nilikuwa nikizitafuta hizo hizo. Kilichokwisha kutupwa mlangoni hakirudishwi na marumaru ya Carrara.

Kwa kweli, sehemu kubwa ya hazina ya sauti za pwani yetu iko katika hali kama hiyo au mbaya zaidi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, upigaji sauti kwa kutumia umeme ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na santuri za mizunguko 78 za wakati huo zilibeba sauti zisizopita sana hezi 5,000 au 6,000. Hapa Mombasa, Assanand & Sons walitoa santuri za Mzuri, na baadaye Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale ikasambaza kaseti za taarab za Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma na wengine. Kaseti ya kawaida ikiwa mpya huweza kufikisha hezi 12,000 au zaidi kidogo. Lakini nani kati yetu alisikiliza kaseti mpya? Zilizofika majumbani zilikuwa nakala za nakala, na kila nakala hupunguza sauti za juu na kuongeza mchakarisho wa kanda. Kanda za harusini zilizorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti zimekaa kabatini kwa miongo, katika joto na hewa ya chumvi, zikiota kuvu. Mtu akizisikiliza kwa kifaa cha milioni 7 atausikia mchakarisho kwa ufasaha ambao hajapata kuusikia maishani.

Sitaki ionekane kuwa nasema visikizi vyote ni sawa. Havilingani. Kuna santuri ya kidijiti ya Zein Musical Party iliyotolewa Uingereza mwaka 1990, ambayo ilirekodiwa kwa vyombo vizuri. Nilipoisikiliza kwa visikizi vya binamu yangu, nilisikia risha ikigusa nyuzi za udi kabla noti haijazaliwa. Nilisikia vidole vikiteleza juu ya ngozi ya dumbak, na katika sauti ya Zein nikazisikia t zake mbili, kila moja mahali pake, kama mtu anayeonyesha darasani. Kwa iyafoni za shilingi 200, udi ulikuwa mvumo na t zilikuwa t. Usiku huo nilielewa kwamba sauti inayorekodiwa vyema hulipa fadhila kwa anayeisikiliza vyema. Suala ni kwamba fadhila hiyo hufika upesi, kisha inasimama, hali ya kuwa bei inaendelea kupanda.

Hili si dhana yangu peke yangu. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la jumuiya ya akustika ya Marekani matokeo ya kulinganisha visikizi 283 vya bei mbalimbali. Alipima jinsi kila kimoja kinavyotoa sauti za chini, za kati na za juu, akatafuta iwapo mpangilio huo unahusiana na bei, na hakupata uhusiano. Kipimo hicho si kila kitu, maana hakisemi lolote juu ya uimara wa kifaa wala juu ya ulaini wake masikioni. Ila ndicho kipimo kinachokaribia zaidi kile tunachokiita "sauti nzuri". Kabla ya hapo, mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive walikuwa wameonyesha jambo jingine kwa kutumia vipaza sauti vya sebuleni: wasikilizaji walipoviona, alama walizotoa zilifuata ukubwa, umbo na sifa ya kifaa, pazia lilipowekwa, alama zilibadilika. Macho yao yalikuwa yakisikiliza kwa niaba ya masikio.

Jaribio la pazia ni rahisi na nililifanya mwenyewe, kwa namna ya kienyeji. Nilimfunga binamu yangu kitambaa machoni, nikamvalisha kwanza visikizi vyake, kisha visikizi vya kufunika sikio ambavyo rafiki yangu, fundi wa kurekodi kasida, huvitumia kazini. Hivi vya pili ni vya aina ya Sony MDR-7506, ambavyo vimekuwa sokoni tangu mwaka 1991 na ambavyo kwa kawaida huuzwa kwa kadiri ya dola 100. Nilijitahidi kulinganisha kiwango cha sauti, kwa kuwa kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi hudhaniwa kuwa ndicho bora. Binamu alivitambua vyake mara moja, kwa uzito wake kichwani. Nilipomwuliza katika vipi t za Zein ni wazi zaidi, akataja vya fundi. Jaribio la mtu mmoja si utafiti, na uzito ulikuwa umekwisha kuharibu pazia langu, lakini kwa siku mbili binamu hakuzungumza nami kwa uchangamfu.

Kuna na suala la mahali. Visikizi vingi vya anasa vina migongo iliyo wazi, ili hewa nyuma ya kiwambo ipite kwa uhuru. Sauti hupanuka na kupendeza, lakini kelele za nje huingia bila kubisha hodi. Vimekusudiwa chumba kilicho kimya. Atafutaye chumba kama hicho katika Mji wa Kale, ambamo nyumba zinakaribiana hata mtu aweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, atakitafuta sana. Anayesikiliza kwa visikizi hivyo hapa hupandisha sauti ili aishinde mikokoteni na majenereta, na kupandisha huko kuna bei yake nyingine: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidishe saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80, na muda huo hupungua haraka sauti inapopanda. Ingekuwa ajabu mtu alipe mamilioni ili asikie vizuri, kisha kifaa kimpunguzie usikivu.

Je, basi anayenunua ghali kabisa amepotea? Hapa nasita. Mji huu wenyewe unanizuia nisihukumu upesi. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi, hata miezi, na bei yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya kofia ya mashine, nayo haikingi jua zaidi ya mwenziwe. Milango ya nakshi ya Ndia Kuu haikufunga nyumba kwa uthabiti zaidi kuliko mbao tupu. Walioilipia walilipia jicho la fundi na mkono wake, na pia walilipia heshima ya kupita mlangoni mwao. Anayenunua kisikizi cha marumaru kwa nia hiyo, akijua kuwa ananunua nakshi, hana wa kumlaumu. Nisichokubali ni pale anapoambiwa, naye akaamini, kuwa amenunua masikio.

Kwa mtafiti wa Kiswahili hesabu ni nyingine, na ni ya haraka. Visikizi vilivyofungwa vya bei ya kadiri vinamtosha. Kinachobaki mfukoni kitiwe mwanzoni mwa safari ya sauti: kinasa sauti kinachohifadhi faili isiyobanwa, na maikrofoni inayowekwa karibu na kinywa cha msimulizi, kando kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kwa bei ya visikizi vya binamu yangu, vyote hivyo vingepatikana na chenji ikabaki. Idara zetu hulalamika kuwa hazina fedha za vifaa, nami nakubaliana nazo, ila mara nyingine kinachonunuliwa ni kile kinachoonekana vizuri siku ya kuzindua maabara.

Nilirudi kwa nyanya yangu kuuliza juu ya kaa. Aliniangalia kama anayemtazama mtoto aliyepotea njia ya nyumbani. "Mjukuu wangu, kaa huombwa? Kaa mtu huteremka pwani akamshika mwenyewe. Mimi naliomba kaa, la kutilia moto!" Katika pumzi moja aliyataja yote mawili, la kwanza kwa mpumuo na la pili bila mpumuo, nami nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake bila kifaa chochote. Safari hii simu haikuwa juu ya mkeka. Nilikuwa nimeazima kinasa sauti cha yule fundi wa kasida, na maikrofoni yake ilikuwa karibu na shavu la nyanya. Sasa k zote mbili zinasikika, hata kwa iyafoni za shilingi 200.

Alipoona nina mtambo wa maana, aliniagiza nifungue sanduku lililo chini ya kitanda chake. Mlikuwa na kaseti 23, nyingi zikiwa za harusi, mbili zikiwa na sauti ya marehemu babu akisoma barua za kumpelekea ndugu yake Maskati. Moja imekatika. Tatu zina kuvu jeupe pembeni. Fundi amekubali kuniazima deki yake kila Jumapili alasiri, nasi tumezipanga kwa kuanza na zile zilizo mbovu zaidi.